Karata za miungu alizotengenezewa mfalme mtoto wa Ufaransa mwaka 1644: zilifundisha kweli au lilikuwa pambo tu?

Mdadisi wa Ilala #1
Wakuu salaam.

Mwaka 1644 zilichapwa Paris karata za kumsomesha Louis XIV, ambaye wakati huo alikuwa mtoto tu. Alizaliwa Septemba 1638, akarithi kiti Mei 1643, kwa hiyo karata zinatoka alikuwa na miaka mitano au ndiyo kwanza katimiza sita. Zilikuwa seti nne: wafalme wa Ufaransa, malkia mashuhuri, jiografia, na ile iliyonikosesha usingizi mimi, Jeu des Fables, ya hadithi za miungu ya Wagiriki na Warumi. Maandishi ni ya Jean Desmarets de Saint-Sorlin, picha ni za Stefano della Bella wa Firenze. Kila karata ya Jeu des Fables ina picha, chini yake maelezo mafupi ya mhusika, na juu kuna alama ya kopa, uru, shupaza au pau pamoja na cheo chake.

Dai langu ni hili: karata zile hazikumfundisha mtu miungu. Ukishaiandikia karata kuwa ni kopa saba, mchezaji ataitumia kama kopa saba. Itaila sita, italiwa na nane, mchezo utaisha na hana habari aliyechorwa pale ni nani. Picha na maelezo vinabaki mzigo wa karata.

Mwenye mfano wa karata za elimu zilizofundisha kweli alete hapa, na aeleze zilifundisha kwa njia gani.

Kibubu #2
Nimekaa mbele kabisa. Waje wajuzi.

Fundi Chapa #3
Mdadisi, uzi mzuri. Niongeze upande wa ufundi maana ndiko ninakolia chakula.

Picha zile zilichorwa kwenye sahani za shaba. Sahani inapakwa nta, msanii anachora kwa sindano juu ya nta, halafu inatiwa tindikali ambayo inakula shaba pale tu sindano ilipopita. Ndipo wino unaingia mle ndani. Della Bella alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alifika Paris mwaka 1639, na katika maisha yake alichora sahani zaidi ya elfu moja. Karata yenyewe ni ndogo, kama sentimita 9 kwa 5 na nusu, na ndani yake unakuta farasi, mawingu, bahari, na uso wa mtu wenye hasira. Ni kazi ya kuangaliwa kwa karibu, taa ikiwa mezani.

Sasa angalieni jambo moja. Mwaka 1664 mchapaji Florentin Lambert alizitoa seti zote nne zikiwa kitabu. Sahani zilezile, karata zikawa kurasa. Mimi hilo linaniambia kwamba wanunuzi walitaka kuzisoma na kuzihifadhi. Mtu anayecheza karata kila jioni hazifungi kwenye jalada la ngozi.

Bint Makadara #4
Mdadisi, wewe unamfikiria mtu mzima aliyekaa barazani anataka kushinda. Huyu alikuwa mtoto wa miaka mitano! Mtoto wa miaka mitano hachezi kopa saba. Anashika karata, anaona mtu ana mabawa kwenye viatu, anauliza, "Huyu nani? Mbona ana mabawa?" Mtu mzima aliye karibu anamhadithia. Maelezo ya chini ni ya kumsaidia huyo mtu mzima, kwa sababu mtoto wa umri huo kusoma mwenyewe bado.

Na Louis alizoea hadithi. Mtumishi wake wa chumbani, Pierre de La Porte, aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba wanawake waliomlea walikuwa wakimhadithia ngano ili alale. La Porte akaona afadhali amsomee kitu cha maana, akawa anamsomea kila usiku.

Mdadisi wa Ilala #5
> Bint Makadara amesema: La Porte akaona afadhali amsomee kitu cha maana

Dada, shahidi wako ananisaidia mimi. La Porte alianza kumsomea mwaka 1645, mtoto alipotolewa mikononi mwa wanawake akakabidhiwa kwa wanaume. Karata zilikuwa zimeshatoka. Kama zilikuwa zinafanya kazi, mbona La Porte alikwenda kuchukua kitabu? Tena alichomsomea ni historia ya Ufaransa ya Mézeray, kitabu kinene. Miungu haimo.

Bint Makadara #6
Historia ni historia, miungu ni miungu. Mtoto husomeshwa vyote viwili. Na aliyekwambia kitabu kikiingia karata hutupwa ni nani?

Mzalendo wa Minneapolis #7
Habari za huko nyumbani.

Nilete mfano mwingine. Huku Marekani, Cincinnati, Ohio, kulikuwa na kampuni ya Cincinnati Game Company. Mnamo 1900 hivi walikuwa wanatoa karata za elimu za kila namna: bendera, sehemu za hesabu, na moja inaitwa Mythology, ya miungu hiyohiyo. Mji wenyewe ni wa karata. Karata za Bicycle zinazojulikana dunia nzima zilianzia hapohapo miaka ya 1880. Pakiti ya Mythology niliiona kwenye duka la vitu vya zamani, kisanduku kimechakaa pembe, wino bado umekolea. Niliitamani sana.

Karata za mtindo huo ni jamaa za mchezo wa Authors uliotoka Salem, Massachusetts, mwaka 1861. Hakuna kopa wala shupaza. Karata zimepangwa kifamilia, na kazi yako ni kukusanya familia nzima mkononi. Unamgeukia mwenzako unamwomba karata kwa jina: "Nipe fulani." Akiwa nayo anakupa na unaomba tena. Akiwa hana, zamu imekwisha. Hapo jina lazima ulitamke, tena ukumbuke nani aliomba nini raundi iliyopita, la sivyo utaliwa.

Mdadisi, hiyo ndiyo njia unayoitafuta. Jina ndilo linalochezwa.

Mwalimu wa Kilosa #8
Mzalendo ametaja jambo ambalo nimeliona kwa macho darasani.

Nafundisha kemia. Niliwahi kukata maboksi nikatengeneza karata za elementi, nikaandika alama, jina na namba ya atomi. Mwanzoni niliwaachia wanafunzi wacheze kama karata za mtaani, namba kubwa inakula ndogo. Walicheza kwa furaha kubwa, na nilipowauliza alama "Na" ni ya elementi gani wakanitazama. Walikuwa wameshika namba tu. Nikabadilisha sheria: huwezi kula karata mpaka utaje jina la elementi na kitu kimoja inachofanya, na mwenzako ana haki ya kupinga. Mchezo ukawa na kelele mara mbili, lakini wiki zilizofuata majina yalikuwa kichwani. Karata zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni sheria.

Kwa hiyo Mdadisi ana haki juu ya kopa saba, na Bint Makadara ana haki pia, kwa sababu hatujaona meza ya Louis ilikuwa na sheria gani.

Kibubu #9
Mwalimu, wanafunzi wako wakifaulu wote mtihani wa taifa, mkuu wa shule atakuuliza karata zinaingiaje kwenye vifaa vya maabara 😂

Mwalimu wa Kilosa #10
Ameshaniuliza. Sasa anacheza na yeye.

Ami wa Muscat #11
Assalaam alaykum. Mnamsahau mtu mmoja, Kadinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa. Ndiye aliyeagiza karata hizi kwa ajili ya mtoto, na alikuwa mcheza kamari mkubwa, anapenda meza ya karata kupita kiasi. Alishakabidhiwa malezi ya mfalme. Mimi naona alitaka kumzoesha mtoto karata mapema, akaivika nguo ya elimu ili mama yake asikasirike. Na matunda yalionekana: Louis alipohamia kasri la Versailles, jioni tatu kwa wiki kumbi zinafunguliwa, meza za karata zimejaa, na makabaila wanapoteza mali zao pale.

Fundi Chapa #12
Ami, Mazarin alikabidhiwa usimamizi wa malezi ya mfalme mwaka 1646. Mwaka 1644 alikuwa waziri mkuu lakini cheo hicho hakuwa nacho bado. Kupenda kamari, hilo kweli, hata waliompenda walilisema. Lakini mtu wa kamari hahitaji sahani za della Bella. Pakiti ya kawaida ya sokoni ingemtosha mtoto kuzoea.

Ami wa Muscat #13
Ahsante kwa mwaka. Lakini cheo au si cheo, aliyekuwa na sauti ndani ya kasri ile ni nani?

Shupaza #14
Mimi naunga mkono Mdadisi, na ushahidi ninao kwenye karata za kawaida za Ufaransa. Wazungu wa karata za Paris, yaani zile zenye sura za watu, wana majina, yameandikwa palepale kwenye karata mpaka leo. Wafalme: David wa shupaza, Charles wa kopa, César wa uru, Alexandre wa pau. Malkia wa shupaza ni Pallas, yaani Athena mwenyewe, mungu wa hekima na vita. Malkia wa kopa ni Judith, wa uru ni Rachel, wa pau ni Argine. Vijana wao: Hector wa Troya ni wa uru, La Hire wa kopa, Ogier wa shupaza, Lancelot wa pau.

Watu wamecheza na Pallas na Hector karne kwa karne. Nimefanya kazi na Wafaransa Zanzibar, tumecheza nao usiku mpaka mafuta ya taa yakaisha. Waulize Hector aliuawa na nani. Wanajua ni kijana wa uru, basi. Jina limekaa chini ya vidole vyao maisha yao yote na halikuingia.

Mzalendo wa Minneapolis #15
Shupaza umepiga turufu. Ila hao hawaombani kwa jina.

Bint Makadara #16
Nina jambo jingine. Semeni mnavyotaka, lakini huyu mtoto alikua akawa mtu wa miungu hiyohiyo. Februari 1653, ana miaka 14, alicheza dansi mbele ya watu Paris akiwa jua linalochomoza, Apollo. Akajenga Versailles, akaweka bwawa la Apollo anatoka majini na farasi wake. Akaweka na chemchemi ya Latona, mama wa Apollo. Kisa chake kimo ndani ya Ovid, mshairi wa Kirumi: Latona ana kiu, amebeba watoto wake wawili, wakulima wa Lycia wanamnyima maji na kuyavuruga kwa miguu, naye anaomba wawe vyura. Nendeni mkaangalie picha za chemchemi ile, wale watu wana midomo ya vyura, wengine wamegeuka nusu! Mtu hajengi kitu hicho kwa marumaru na maji bila kisa kumkaa moyoni tangu utotoni.

Mdadisi wa Ilala #17
Kisa kizuri na umekisimulia vizuri. Lakini kumkaa moyoni kunaweza kuwa kumetoka popote. Ovid alikuwa kila mahali: darasani kwa Kilatini, kwenye mazulia ya ukutani, kwenye dansi, kwenye dari. Mwaka 1676 mshairi Benserade alitoa Ovid nzima kwa mashairi mafupi, ikachapwa kwa gharama ya mfalme, kwa ajili ya mwanawe mrithi. Kwa nini mwana hakurithishwa karata za baba?

Bint Makadara #18
Kwa sababu zilikuwa zimechakaa kwa kuchezewa.

Kibubu #19
Hapo dada umemfunga bao la kichwa.

Mtafiti wa Ukutani #20
Mnaanza katikati. Karata za miungu zina zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Louis.

Mtawala wa Milano, Filippo Maria Visconti, alitengenezewa karata za miungu 16 kabla ya 1425. Aliyezibuni ni katibu wake Marziano wa Tortona, mchoraji ni Michelino da Besozzo. Decembrio, aliyeandika maisha ya mtawala huyo, anasema ziligharimu vipande 1500 vya dhahabu. Karata zenyewe zimepotea, lakini maandishi ya Marziano yamebaki, yapo Paris. Jupiter ndiye wa kwanza, Cupid wa kumi na sita. Na miungu imegawanywa makundi manne ya ndege: tai kwa fadhila, feniksi kwa utajiri, hua kwa ubikira, njiwa kwa anasa. Pallas, Diana, Vesta na Daphne wako upande wa ubikira. Venus, Bacchus, Ceres na Cupid upande wa anasa.

Mdadisi, tazama uzuri wa hiyo. Ukijua hadithi ya Daphne, aliyekubali kugeuka mti kuliko kushikwa na Apollo, utajua amekaa kundi gani. Tabia ya mungu ndiyo alama ya karata. Hapo hadithi na mchezo vimeshikana. Desmarets alichukua kopa na pau za mtaani akazibandika juu ya miungu, ndiyo maana viliachana.

Halafu kuna zile zinazoitwa karata za mchoraji Mantegna, za Ferrara kama 1465. Si za Mantegna, na huenda hata si karata. Ni picha 50, makundi matano ya kumi kumi: daraja za binadamu kuanzia ombaomba, Apollo na mamusa (miungu wa kike wa sanaa), elimu, fadhila, na sayari. Hakuna kopa wala pau. Karatasi ni nyembamba, na nyingi zimekutwa ndani ya majalada. Wapo waliosema ni mchezo wa makadinali waliokusanyika Mantova mwaka 1459, nadharia hiyo leo haina wafuasi wengi. Wapo wanaosema ni kitabu cha shule, wapo wanaosema ni vielelezo vya wachoraji, na kweli Dürer alinakili baadhi yake.

Fundi Chapa #21
Naafiki kuhusu vielelezo vya wachoraji, kwa zote mbili. Mfua fedha, mchora dari, mfuma mazulia, wote walihitaji mahali pa kuona Jupiter anashika nini mkononi. Picha 52 za della Bella ni ghala.

Mdau wa Kisumu #22
Wadau, tunaongea Wagiriki na hapa tuna wetu. Nani anatengeneza pakiti ya Fumo Liyongo, Lwanda Magere, Kintu na Nambi, Mwindo, Ryangombe? Familia ya pwani, familia ya ziwa, familia ya misitu. Unaomba kwa jina kama alivyosema Mzalendo. Nitanunua za watoto wote wa ukoo.

Mutoto wa Kivu #23
Jambo ndugu zangu. Wazo la mdau wa Kisumu ni zuri, lakini niseme kitu. Kwetu upande wa Kivu na kule Rwanda na Burundi, Ryangombe si hadithi tu. Ni mtu wa kubandwa, yaani ibada ya mizimu, kulikuwa na watu wanamtolea heshima, wanaingia kwake kwa siri na viapo. Bibi yangu hakutaka jina lile litajwe ovyo, na wala hakuwa mtu wa kuogopa kitu. Ukimweka kwenye karata watoto wamtupe mezani, wazee wengine wataumia kweli.

Ndiyo naona jibu la mambo ya Louis. Jupiter alichezewa Paris kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anamwomba tena. Kadinali wa Kanisa aliweza kuagiza picha za miungu ya kipagani kwa mtoto, hakuna aliyepiga kelele. Mungu aliyebaki bila waumini ndiye anayeingia kwenye mchezo. Je, wangemchora Mtume Petro na kopa saba juu ya kichwa?

Mdau wa Kisumu #24
Nimekusikia, Kivu. Ryangombe atoke. Liyongo abaki?

Bint Makadara #25
Liyongo abaki, na nitamchora mimi. Sindano ya shaba ya kitovuni iwe ndiyo alama ya pembeni.

Mtafiti wa Ukutani #26
Mutoto wa Kivu, umeleta jambo zito na ninaliheshimu, ila sidhani kama miungu ile ilikuwa maiti kiasi hicho. Tangu karne ya 14 Wafaransa Wakristo walikuwa wanaisoma Ovid kwa kuitolea mafunzo ya dini, kila kisa na maana yake. Kwa hiyo Jupiter aliingia kwenye elimu kwa sababu alishavalishwa kanzu ya mafunzo.

Na Desmarets mwenyewe, mwandishi wa karata zetu, baadaye alikuja kuipiga vita miungu hiyo. Mwaka 1657 alitoa utenzi mrefu wa Kikristo juu ya mfalme Clovis, akashikilia kwamba mshairi wa Kikristo amwache Jupiter na Venus, atumie malaika na watakatifu. Ingekuwa miungu imekufa kabisa, angepigana na nani?

Mutoto wa Kivu #27
Alipigana na washairi, si na waumini. Hiyo ni tofauti kubwa sana.

Ami wa Muscat #28
Naona Kivu na Mtafiti wote wamekaribia. Nirudi kwa Mzalendo: hao Wamarekani wa dini kali, waliokataza karata nyumbani, waliwezaje kuruhusu Mythology?

Mzalendo wa Minneapolis #29
Ami, kwa sababu kilichokatazwa ni zile za kamari, zenye mfalme, malkia na kijana wake. Ukiondoa kopa na shupaza, wazazi wengi walitulia. Parker Brothers wa Salem walitoa Rook mwaka 1906 kwa ajili ya familia hizohizo: namba na rangi tu, hakuna mfalme hata mmoja. Mimi naamini karata za elimu zilishamiri Marekani kwa hilo kuliko kiu ya elimu. Mtu alitaka kucheza, mchungaji hataki, basi ikaja Mythology.

Shupaza #30
Na kodi je? Mwaka 1894 Marekani waliweka kodi ya senti mbili kwa kila pakiti ya karata isiyozidi 54. Miungu ingeweza kuwa njia ya kupita pembeni ya sheria.

Mzalendo wa Minneapolis #31
Senti mbili haiwezi kumfanya mtu aanze kusoma habari za Juno, ndugu yangu. Mchungaji ana nguvu kuliko mtoza kodi.

Mdadisi wa Ilala #32
Mmenipa mengi. Dai langu kuhusu Jeu des Fables linasimama, na Mtafiti ameliongezea msumari kwa zile karata za ndege. Mwalimu wa Kilosa, swali kwako: tuseme tunachukua picha za della Bella, tunafuta kopa na namba zote. Sheria gani ungeweka ili kisa kizima kichezwe, maana kuomba kwa jina kunafundisha jina tu?

Mwalimu wa Kilosa #33
Ningeweka kwamba karata huliwa kwa kisa. Umeweka Latona, mimi naweza kumla kwa karata yoyote nikionyesha wanakutana wapi kwenye hadithi. Apollo anamla kwa kuwa ni mwanawe, Juno kwa kuwa alimwonea wivu na kumfukuza kila mahali. Nikishindwa kueleza, narudisha na naongezwa nyingine. Meza nzima ndiyo inayohukumu.

Kibubu #34
Meza nzima ikihukumu, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Mwalimu, hapo weka refa.

Bint Makadara #35
Refa awe bibi. Na Mdadisi, wewe hutogawa karata.